Waya wa Kwenda Nemba

Rozina hakuingia chumba kile kupeleleza. Aliingia kutafuta pasi ya mkaa. Asubuhi hiyo kufuli lilikuwa linaning'inia wazi, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mumewe na Fabrice, yule mwenzake Mrundi, waanze kujifungia humo, na yeye alikuwa na sketi ya darasa la jioni iliyokunjamana vibaya. Leonsia, bintiye, alikuwa amelala mgongoni, mdomo wazi, mate yakimlowesha mama yake bega.

Pasi haikuwamo. Kilichokuwamo ni ubao.

Ulikuwa umeegemezwa ukutani, mkubwa kuliko mlango, umejaa vibao vya kijani vilivyonyofolewa kwenye maboksi ya sola mabovu, yale ambayo watu wa Nyakanazi huyatupa jalalani taa zikishagoma. Kila kibao kilikuwa na chipu moja nyeusi, ndogo kama mbegu ya tikiti, na kitaa pembeni. Na chini ya kila kitaa palibandikwa kipande cha plasta ya kidonda, na juu ya plasta jina la mtu.

Esperansia. Gidioni. Ildefonsa. Rozina aliwajua. Ni watu wa kwao mumewe, huko karibu na Kabanga, watu waliomshangilia siku ya harusi yake. Vitaa vya wengine vilikuwa vya kijani, vya wengine vyekundu. Akafuata majina kwa kidole hadi akafika kwenye jina lililomfanya akirudishe kidole haraka kama aliyegusa jiko: Mzee Leonidasi. Baba mkwe wake. Alizikwa masika iliyopita. Kitaa chake kilikuwa chekundu, kimetulia.

Nyaya zote za ubao ule zilikuwa fupi fupi, zinaunganisha jirani na jirani kama mishono. Ila mmoja. Huo ulitoka kwenye jina la marehemu, ukavuka ubao mzima, ukapita mahali patupu, ukaishia pembeni kabisa, kwenye kikundi kingine cha majina. Na jina lililoupokea lilikuwa Nyamizi.

Nyamizi ni mama yake mzazi. Kitaa chake kilikuwa cha njano, kinapepesa.

Rozina alitoka kinyumenyume. Sketi aliiacha na mikunjo yake, maana siku hiyo darasani hakwenda tena.

*

Hadi siku ile alikuwa akijiambia kwamba mumewe ana mambo ya kiume tu. Protasi alikuwa fundi simu pale stendi, mtu mpole, aliyefua nepi za mtoto bila kujali wapita njia wanacheka. Lakini tangu Fabrice avuke mpaka na begi lake la vifaa, Protasi alikuwa amebadilika. Magunia ya maboksi mabovu yaliingia, hayakutoka. Akiulizwa ni ya nini, alisema, "Tunaunda kompyuta," na kompyuta Rozina alishaiona darasani: ina kioo, ina vitufe. Haina majina ya watu.

Na kulikuwa na habari ya Nemba. Kila Rozina aliposema anataka kwenda kumsalimia mama, Protasi alipata sababu. Mtoto ana mafua. Barabara ina vumbi. Subiri kidogo, Mama Leonsia. Subiri kidogo hiyo ilikuwa imekomaa mpaka imeota ndevu.

Kisha kulikuwa na yale maneno. Jioni moja alirudi kutoka darasani mapema, mwalimu akiwa na msiba, akasikia sauti nyuma ya mlango wa kile chumba.

"Na yule mama wa Nemba?" aliuliza Fabrice.

"Huyo hatuna namna, keshapata," alijibu Protasi. "Usimwambie mke wangu."

Siku ile Rozina aliyameza. Alidhani labda ni mteja, labda ni simu ya mtu. Nemba ina akina mama wengi. Sasa, akiwa amekaa kitandani na mtoto amemlalia mapajani, yale maneno yalipanda tena kooni.

Akampigia mama yake.

"Mayu, u mzima?"

"Nani kakwambia naumwa?" Sauti ya Nyamizi ilikuwa kubwa kama kawaida yake, aliamini simu inahitaji kusaidiwa. "Mimi mzima! Mjukuu hajambo? Mlete basi, au huyo Mhangaza wako kakufunga kamba?"

"Hakuna kinachokuuma? Kichwa? Kifua?"

"Hakuna! Tena nina furaha. Ule mgomba wa mjukuu umeniheshimisha sana. Ndizi hata hazijanenepa, naona zimeiva! Kila anayepita anashangaa. Nimeshawagawia majirani machipukizi wachoke wenyewe."

Rozina alisema "vizuri, mayu" bila kusikiliza. Alikuwa anasikiliza kikohozi. Mgomba wenyewe aliujua. Kwa akina Protasi, kitovu cha mtoto kikidondoka huzikwa shinani mwa mgomba, na katika nyumba ile ya Mzee Leonidasi walikuwa na lao jingine: chipukizi la mgomba huo hupelekwa kwa bibi mzaa mama, mtoto awe na shina pande zote mbili. Rozina mwenyewe ndiye aliyelipakata ndani ya gari mpaka Nemba, mtoto mgongoni. Nyamizi, Msukuma ambaye wazazi wake walikuja na ng'ombe kutoka Shinyanga, hakuwahi kupanda mgomba maishani. Alilipanda mbele ya zizi, akaliwekea uzio imara kuliko wa mahindi.

Mama mzima, basi. Lakini kitaa kilikuwa cha njano, na njano ni katikati ya kijani na nyekundu.

*

Ng'ambo ya uchochoro Francisca alikuwa anageuza chapati za madereva wa malori. Francisca alikuwa amemzidi Rozina umri na habari.

"Da Francisca," Rozina alimwambia, akijifanya anachezea kitambaa cha mtoto, "mtu akiandikwa jina lake na kuwekewa taa, maana yake nini?"

"Taa ya kanisani?"

"Hapana. Taa inayobadilika rangi. Chumbani."

Francisca aliiacha chapati ikaungua upande mmoja. "Na yupo marehemu ndani yake?"

"Baba mkwe. Nyekundu."

"Yesu na Maria." Akajikausha mikono kwenye kanga. "Nilikuwa nakunyamazia, mdogo wangu, lakini sasa sikia. Abiria mmoja wa kutoka Kabanga alikula hapa juzi. Anasema mumeo na yule mwenzake wanapita nyumba hadi nyumba, wanauliza: wewe panga lako unamwazima nani? Shambani kwako anaingia nani? Machipukizi ulitoa wapi? Mtu na ndevu zake anauliza watu habari za mapanga! Ungefikiri nini, wewe?"

"Labda ni utafiti."

"Utafiti una barua ya mtendaji. Huu una kufuli." Francisca akainama karibu. "Kaka yako Mihayo si ni mtu wa sungusungu huko Nemba? Mpigie. Watafika hapa kabla supu haijapoa."

"Ndiyo maana simpigii," Rozina alisema.

Alijua walinzi hao wa kijiji wakifika watafanya nini. Alipokuwa msichana aliwahi kuona nyumba ya mtu mmoja iliyobaki kuta tupu, na mtu mwenyewe hakuwa ameandika jina la yeyote popote. Alikutwa na kibuyu tu. Akimwambia Mihayo, huenda Leonsia akakosa baba. Asipomwambia, huenda yeye mwenyewe akakosa mama. Francisca alirudi kwenye chapati zake, na Rozina akarudi ndani kufungasha.

Alifungasha nguo za mtoto, sufuria ndogo ya uji, na madaftari yake ya jioni. Gari la kwenda Biharamulo lingepita stendi baada ya saa sita. Akakaa juu ya begi mlangoni. Angempa mumewe nafasi ya kusema mara moja tu. Akidanganya, anaondoka na mtoto, na atakalomwambia Mihayo atalijua akifika.

*

Walikuja wawili juu ya bodaboda moja, gunia katikati. Fabrice alishuka akiimba. Protasi aliliona begi, akaacha kumlipa dereva, dereva akaanza kupiga honi.

"Mama Leonsia, safari?"

"Inategemea. Mama yangu amewakosea nini?"

Fabrice aliacha kuimba. Protasi alitazama dirisha la kile chumba, kisha mfuko wake wa ufunguo.

"Umeingia."

"Nimeingia. Baba yako yumo, amekufa, ni mwekundu. Mama yangu yumo, na waya wa baba yako umemwingia. Na nilikusikia ukisema keshapata, nisiambiwe. Sasa niambie kabla gari halijapita."

"Mana yanje," Fabrice alimwita Mungu wake kwa Kirundi, akashika kichwa. "Protasi, nilikwambia tuandike namba, si majina!"

"Namba ningezikumbuka vipi?"

"Mnabishana mbele yangu?" Rozina alisimama. Mtoto alishtuka akaanza kulia, na Protasi, kwa mazoea, akanyoosha mikono ampokee. Rozina alirudi nyuma hatua moja. Mikono ya Protasi ilibaki hewani, haijui iende wapi.

"Twende ndani," alisema hatimaye. "Nikuonyeshe. Mlango tuuache wazi, Francisca naye aone akitaka."

Francisca alitaka. Alikuja na mwiko mkononi.

Mbele ya ubao aliyeanza kueleza ni Fabrice.

"Shemeji, unakijua kisima cha pale nyuma ya stendi?"

"Nimezeekea pale kwenye foleni."

"Basi. Kompyuta nyingi ndivyo zilivyo. Ule ubongo wake, prosesa, una mikono myepesi kabisa, lakini maji yote yako kisima kimoja cha mbali. Hicho ndicho kumbukumbu. Ukiweka prosesa nyingi zifanye kazi pamoja, zote zinakwenda kupanga foleni na ndoo. Kazi kidogo, kungoja kwingi. Hapa sisi hatuna kisima." Akagusa chipu moja kwa ukucha. "Kila moja ina mtungi wake tumboni. Mtungi mdogo, usicheke. Unatosha kukumbuka shamba moja tu: migomba mizima, migomba migonjwa, na jirani ni nani. Haiendi popote kuchota. Inamwuliza jirani yake tu: kwako kukoje? Jirani anajibu. Zote kwa mara moja. Hata zile kompyuta kubwa za dunia, wapo wanaoziunda hivi."

"Shamba?" Rozina alisema. "Umesema shamba?"

"Ni mashamba haya, si watu," Protasi alisema taratibu. "Ni mnyauko wa migomba. Baba alikufa kwa presha, unajua. Lakini shamba lake lilikufa kabla yake, na hakuna aliyejua ugonjwa umeingilia wapi. Ugonjwa wenyewe hupita kwa panga, hupita kwa machipukizi. Ndiyo maana tunauliza nani anamwazima nani. Tunataka kujua unakoelekea kabla haujafika."

"Si mngetumia kompyuta moja ya kawaida?" aliuliza Francisca, ambaye kompyuta alikuwa ameiona benki.

"Kwa majina haya machache, hata laptop ingeweza, sikudanganyi," alikiri Fabrice. "Sisi tunataka Ngara yote na Biharamulo yote, na chipu hizi zinatupwa bure."

Maneno yalikuwa mazuri. Rozina aliyatilia shaka kwa sababu hiyo hiyo. Mganga naye hueleza vizuri.

"Mponye mama yangu," alisema.

"Vipi?"

"Hapo. Nimwone wa kijani."

Protasi alichukua koleo, akauchomoa ule waya mrefu, akazima ubao, akauwasha upya. Taa zote zikawa kijani, kisha kwa Mzee Leonidasi kukawa na njano, na nyekundu, na wekundu ule ukatambaa jirani hadi jirani kama moto wa kiangazi. Nyamizi alibaki kijani. Watu wake wote wa Nemba walibaki kijani.

"Kwa hiyo mkitaka anapona, mkitaka anakufa!" Francisca alisema, mwiko juu.

"Hapa ubaoni tu, mama," Fabrice alijibu. "Nemba kwenyewe koleo halifiki."

"Urudishe," Rozina alisema.

Waya ulirudishwa. Safari hii wekundu ulipofika kwa Mzee Leonidasi, ule upande wa pembeni nao ukaamka: Nyamizi njano, Nyamizi nyekundu. Baada yake Priscila, mama yake mdogo. Baada yake Ngeleja, mzee wa kanisa. Baada yake Mihayo.

"Nyaya nyingine ni majirani," Rozina alisema polepole, kama mtu anayekokotoa hesabu ubaoni mwa mwalimu. "Kabanga na Nemba si majirani. Huu umetoka wapi? Nani amekwenda na panga kutoka kwa baba yako mpaka kwa mama yangu?"

Fabrice akajifanya anapanga gunia.

"Baba Leonsia. Nani?"

"Si panga." Alimtazama mtoto, ambaye sasa alikuwa ameacha kulia na anazishangaa taa. "Ni chipukizi lake. Lile la kitovu. Baba alilichimba shambani mwake, na shamba lilikuwa tayari linaumwa, ila hatukujua. Wewe ulilipakata. Mimi ndiye niliyekusindikiza mpaka kwenye gari." Akaigusa plasta yenye jina la baba yake. "Nilikuwa nakuzuia kwenda kwa kuwa nilitaka kwanza nipate namna. Ningekwambiaje kwamba mgomba wa mtoto wetu ni wa kukatwa? Na mama yako alivyouwekea uzio?"

Rozina alifungua mdomo amjibu kwa ukali, na badala ya ukali akaisikia sauti ya mama yake simuni, kubwa, yenye furaha. Ndizi hata hazijanenepa, naona zimeiva.

"Mnyauko," alisema, "ndizi zake zinakuwaje?"

"Zinaiva kabla ya wakati. Nje njano, ndani kahawia. Ukikata shina, ukangoja, linatoa usaha wa njano."

Barabarani honi ya gari la Biharamulo ililia. Rozina alilibeba begi.

"Sijakuamini," alimwambia mumewe. "Nitakata mwenyewe, nione mwenyewe. Usaha ukitoka, nitarudi. Usipotoka, usinifuate."

*

Kutoka Biharamulo alipanda bodaboda, na alipofika Nemba jua lilikuwa bado juu. Nyamizi alimwona mjukuu kabla ya kumwona binti, akamnyakua, akamrusha hewani.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba! Mbona umekonda? Darasa hilo linakula nyama?" Akaanza kuelekea kwenye uzio. "Njoo umwonyeshe mtoto mgomba wake."

Majani yalikuwa yamelegea kama kanga zilizoanikwa bila upepo. Mkungu ulikuwa na ndizi nyembamba kama vidole, nusu njano, nusu kijani. Rozina alizitazama, akaona jinsi mtu ambaye hakukulia migombani angeweza kuita kitu hiki baraka. Aliomba panga.

"Kukata majani makavu?"

"Kukata mgomba."

Nyamizi alicheka, kisha akaona binti yake hacheki. "Wa mtoto? Umetumwa na nani? Na wale wakwe zako? Wameutoa wenyewe, sasa wanautaka urudi?"

"Mayu, nipe. Kama nimekosea, nitabaki hapa nikupandie mingine kumi."

Alichuma ndizi moja kwanza, akaikata. Ndani ilikuwa kahawia, kama chai iliyomwagika. Nyamizi alimkumbatia mtoto kwa namna ya kumkinga. Rozina akakata shina. Lilikuwa laini, lilikwenda kwa pigo moja. Mkato ulikuwa mweupe, msafi, unavuja maji tu.

"Ona," Nyamizi alisema. "Mzima. Umeua mgomba mzima."

Rozina alichuchumaa, akauangalia ule weupe. Hakujua anaomba nini. Ukibaki mweupe, mama yuko salama na mumewe ni mwongo, tena mwenye ubao wa majina ya watu. Ukigeuka, mgomba wa mtoto ndio ulioleta ugonjwa, na yeye ndiye aliyeupakata. Leonsia alishuka mikononi mwa bibi, akaja kuchuchumaa kando ya mama yake, akiiga.

Nukta moja ilitokea pembeni mwa mkato. Ya njano, nzito kama maziwa ya mama ya siku za kwanza. Kisha nyingine. Kisha mkato mzima ukawa umelowa.

Leonsia alinyoosha kidole. Rozina alikidaka, akakiweka mdomoni mwake mwenyewe, akakibusu. Alikuwa analia na hakujua ameanza lini. Hakuwa amekosea mume. Alikuwa ameolewa na mtu aliyeogopa kumwambia jambo, na hilo mtu anaweza kurudi nalo nyumbani.

Nyamizi alisogea, akauinamia mkato. Halafu, bila kuulizwa, akaanza kutaja, kwa sauti ndogo ambayo Rozina hakuwahi kuisikia kwake: "Priscila nilimpa. Ngeleja nilimpa. Mke wa William wa kule mtoni. Na yule mwalimu aliyehama, alikwenda nalo."

"Waite, mayu."

Hakukuwa na haja ya kwenda mbali. Nyamizi alimwita Priscila juu ya uzio, sauti yake kubwa ikamrudia. Priscila akamwita Ngeleja. Ngeleja akapaza kwa waliokuwa bondeni, na neno likawa linashuka shamba hadi shamba, usiazime panga, kata, fukia. Rozina alikuwa ameliweka panga lake kwenye jiko mpaka likawa la moto kabla ya kuligusisha shina jingine lolote. Akaitoa simu.

"Baba Leonsia."

"Nakusikia." Alikuwa amepokea kabla haijalia vizuri.

"Umetoka."

Nyuma ya Protasi aliisikia sauti ya Francisca ikiuliza, anasemaje, anasemaje?

"Ubao wako una upungufu," aliendelea. "Kuna mke wa William wa mtoni, hayumo. Na kuna mwalimu aliyehama na chipukizi, tutamtafuta alikohamia. Waongezee waya. Nami nitakuja na majina mengine, huku watu wanakumbuka wenyewe."

"Na mama? Amekasirika?"

Rozina alitazama. Nyamizi alikuwa ameketi juu ya jiwe la zizi, mjukuu mapajani, anamwonyesha ndama mwekundu aliyekuwa anamlamba mama yake shingo.

"Anasema mambo ya migomba ni yenu. Yeye mjukuu wake anampa ndama," alisema Rozina. "Njoo umchukue huyo ndama mwenyewe. Na hilo kufuli la chumbani usilifunge tena."